Mtu Huyu ni Mchangiaji

Makao Makuu ya Huduma ya Damu, ghorofa ya tatu
4 Februari

Kwa Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta kwenye kile kiti chako cha dirishani, miguu juu ya kigoda, unamgombeza mtangazaji wa redio. Ningekupigia, lakini tangu ustaafu umeapa kwamba simu ni ya watu wasiotaka kufikiri kabla ya kusema. Basi nimenunua bahasha. Mwenye duka alizitafuta kwenye kabati la chini hadi akapiga chafya.

Habari yenyewe ni hii, na uipokee kwa moyo mkunjufu: kazi ya kuandika upya programu ya damu wamenipa mimi. Ndiyo, ile yako. Meneja alisema kikaoni kwamba programu iliyoandikwa na mtu mmoja miaka ishirini na tatu iliyopita, mistari elfu tisa inayoteremka kutoka juu hadi chini bila kupumzika, haiwezi kuendelea kuhudumia hospitali zote. Akauliza nani anaiweza kazi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Hajui kwamba huyo Bi Mstari wanayemcheka vikaoni ndiye aliyenilea na kunibandika jina la Kiroboto.

Tutaandika kwa mtindo wa vitu. Badala ya mlolongo mmoja wa amri, unaigawa dunia katika vitu, na kila kitu kina aina yake. Juu kabisa nimeweka aina inayoitwa Mtu: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Chini yake kuna warithi watatu: Mchangiaji, Mgonjwa na Mfanyakazi. Kila mmoja anarithi ya Mtu, kisha anaongeza yake. Tena kila kitu kinatunza mambo yake ndani, wa nje hagusi bila kupiga hodi. Shangazi, inapendeza! Nimechora ubaoni kwa kalamu za rangi nne na Meneja akapiga picha. Vyuo vyote vinafundisha hivi siku hizi, na matangazo ya kazi yote yanadai mtu anayejua hivi.

Naomba baraka zako. Na kama una maelezo ya zamani ya programu yako, nitumie. Yaliyokuwa ndani ya programu yenyewe yalifutwa na mtu aliyeona yanajaza nafasi.

Mwanao,
Kiroboto

---

Nyumbani
15 Februari

Kiroboto,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Hongera. Nimeanza na hongera ili kesho usiseme sikukupongeza. Sasa tuendelee.

Huo mtindo wa vitu naujua, nimeukalia semina tatu. Zote tatu alikuja bwana mmoja mwenye fimbo ya kuonyeshea, akachora Mnyama, chini yake Paka na Mbwa. Paka analia nyau, mbwa anabweka, watu wanapiga makofi. Nimefanya kazi na damu miaka yote ile na hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuniuliza paka ni nini. Semina ya pili niliuliza, na popo je, umweke kwa ndege au kwa wanyama? Akasema swali zuri, tutalirudia. Hajalirudia mpaka leo.

Sisemi mtindo huo ni mbaya. Nasema unapendwa kupita kiasi, na kitu kikipendwa hivyo watu huona haya kukiuliza maswali. Mwenye kazi ya kuandika barua moja anaanza kwa kujenga kiwanda cha bahasha. Nimeona programu ya kujumlisha namba mbili ina aina kumi na saba, na aliyeiandika anatembea kifua mbele.

Swali langu kwako ni moja. Mtu aliyetoa damu mwezi uliopita akagongwa na pikipiki leo, kwenye huo mchoro wako wa rangi nne anakaa wapi? Nijibu hilo kabla hujaandika mstari wowote.

Na jambo la pili. Kabla ya kubomoa nyumba, ingia ndani uone wenyewe wanalala wapi. Njoo ukae siku moja kando ya friji ya damu ya hospitali ya huku, na yule mtaalamu wa maabara tunayemwita Mama Friji. Siku moja tu. Mimi nilikaa miezi miwili kabla sijagusa kibodi.

Maelezo ninakutumia kidogo kidogo. Karatasi hizi ni za printa ya zamani, zile zenye matundu pembeni, ninazo katoni nzima chini ya kitanda. Usizitupe.

Shangazi yako

---

Makao Makuu
27 Februari

Shangazi,

Nakuheshimu, lakini leo nitasema.

Nimeisoma programu yako kwa wiki mbili. Macho yamekuwa mekundu, wenzangu wanadhani nina msiba. Unajua kundi la damu la mtu linaguswa mahali pangapi? Nimehesabu mwenyewe kwa kalamu: arobaini na moja. Mistari arobaini na moja, kila mmoja una ruhusa ya kuandika chochote pale. Wa kuchapa vibandiko unagusa, wa ripoti ya mwezi unagusa, hata ule wa kupanga majina kwa alfabeti unapita hapo unapapasa! Herufi ikibadilika, nani atajua nani kaibadilisha? Unayacheka makufuli yangu, lakini nyumba yako haikuwa hata na milango.

Ndiyo maana watu wanaupenda mtindo huu, Shangazi. Si fasheni tu. Kwangu kundi la damu lina mlango mmoja, na anayeingia anaandikwa.

Kuhusu mtu wako wa pikipiki: nilikwenda kuuliza dawati la wachangiaji hapa chini. Wanasema wao hawajawahi kuona mchangiaji amekuwa mgonjwa. Tumeliweka kwenye awamu ya pili. Haiwezekani kila kitu kisimame kwa ajili ya popo mmoja.

Kuja huko siwezi. Tarehe ya kuwasha imetangazwa, ni mosi Aprili, na Meneja ananihesabia siku kama mama wa kambo. Maelezo uliyoahidi pia sijayaona. Umenitumia mawaidha, na mawaidha nayo nashukuru, lakini nilitaka maelezo.

Mbona mwandiko wako umelegea? Mistari ya mwisho imeteremka hadi kwenye matundu.

Kiroboto

---

Nyumbani
11 Machi

Kiroboto,

Mwandiko umelegea kwa sababu meza ina mguu mmoja mfupi. Fundi ameahidi kuja, na ahadi za mafundi unazijua.

Dawati la wachangiaji kuulizwa habari za wagonjwa! Umekwenda mlango wa mbele kuuliza nani anatokea mlango wa nyuma. Wao wanawaona watu wazima wenye afya wakinyoosha mkono na kupewa juisi. Anayeona wakirudi juu ya machela ni Mama Friji, na huyo hukumuuliza. Unajua huku wachangiaji wangapi wamekuwa wagonjwa mwaka jana tu? Waliojifungua vibaya, walioanguka ngazi, wenye uvimbe. Watu wanazeeka, mwanangu. Damu waliyotoa haiwawekei hirizi.

Awamu ya pili naijua vizuri. Nimezisubiri awamu za pili tangu enzi za kadi za kutoboa za kompyuta za kale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utamwangukia mtu.

Mtu si aina. Ni mtu. Sijui niliseme kwa lugha gani uelewe.

Hilo la arobaini na moja umesema kweli. Sitaki kulizungumza.

Usinijibu kwa haraka, wiki hizi nina shughuli zangu. Karatasi zangu unazitunza? Mtoto anayetaka kusoma hachagui upande.

Shangazi

---

Maabara ya Damu, Hospitali
3 Aprili

Kwa Mtengeneza Programu, Makao Makuu

Ndugu,

Mimi ndiye msimamizi wa friji ya damu hospitali ya huku. Naandika kwa karatasi kwa sababu nimetuma ujumbe mara tatu kwenye dawati lenu la msaada na mara zote nimejibiwa na mashine, "Tafadhali soma mwongozo." Simu yenu inapiga muziki. Muziki mzuri, lakini sikuhitaji muziki.

Mlipowasha mfumo wenu tarehe mosi Aprili tulidhani mnatutania. Tangu siku hiyo nimeshindwa kuwaandikisha wagonjwa wanne. Kosa lao ni kwamba walishawahi kutoa damu. Wa kwanza kati yao ni mama mmoja mstaafu, ana uvimbe tumboni unaomwaga damu ndani, amepangiwa upasuaji tarehe kumi na mbili. Ametoa damu mara thelathini na moja katika maisha yake. Nikaingiza namba yake ya kitambulisho ili nimwombee damu, skrini ikaniandikia: "Mtu huyu ni mchangiaji. Aina ya mtu haibadilishwi."

Nikajaribu tena. Ikaandika hivyo hivyo, kwa rangi nyekundu.

Nifanye nini? Naomba jibu la mtu mwenye damu mwilini.

Jina la mgonjwa silitaji, yeye mwenyewe amenikataza. Ananiambia, "Wasiambiwe watu wa makao makuu, wana kazi nyingi."

Msimamizi wa Maabara
(Huku wananiita Mama Friji, ukipiga simu uliza hivyo)

---

Makao Makuu
5 Aprili

Kwa Msimamizi wa Maabara,

Salamu, na pole kwa usumbufu.

Mfumo haujaharibika. Unafanya kazi kama ulivyopangwa. Kisa cha mchangiaji kuwa mgonjwa kimepangiwa awamu ya pili, kama inavyosema sura ya tisa ya mwongozo. Kwa sasa mwandikishe mgonjwa wako kama mtu mpya kabisa, kwa namba ya muda inayoanza na sifuri tatu. Haichukui dakika mbili.

Naomba uelewe kwamba tunapokea malalamiko kutoka hospitali zote, na mengi ni ya watu waliozoea mfumo wa zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni naye apewe siku chache.

Mtengeneza Programu

---

Maabara ya Damu
9 Aprili

Kwa Mtengeneza Programu,

Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi mkononi, nimemwambia asipoifikisha asirudi kukanyaga kwangu.

Nilifanya ulivyosema. Dakika mbili, kweli. Mgonjwa amekuwa mtu mpya, hana historia, kama aliyezaliwa juzi. Tukachukua damu yake kuilinganisha na mifuko iliyomo kwenye friji. Mfuko wa kwanza ukagoma. Wa pili ukagoma. Nimejaribu mifuko sita, yote inagandana. Damu yake ina kinga zinazopigana na damu za watu wengi.

Mimi nilikumbuka. Kwenye programu ya zamani, ukifungua jina lake kulikuwa na maelezo marefu chini: damu gani asipewe, na namba za wachangiaji watatu wanaomfaa. Nikafungua upande wa wachangiaji niyasome. Mfumo wako umeniandikia: "Taarifa za ndani za mchangiaji. Huna ruhusa."

Mimi nina ufunguo wa friji. Nina ufunguo wa chumba. Maelezo ya damu ya mgonjwa anayekufa mbele yangu sina ruhusa.

Programu ya zamani mmeizima. Wingi wa damu yake umeshuka hadi sita, nusu ya unaotakiwa, na daktari amesema hampasui mtu bila mifuko miwili mezani. Nilipomweleza mgonjwa yaliyotokea alicheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Popo kaja kudai jibu lake." Sikuelewa. Halafu akalia, na huyo mama si wa kulia.

Nimekatazwa kusema, na nimekaa nalo wiki nzima. Lakini mimi si mfumo wako, huwezi kunifungia. Mgonjwa ni shangazi yako. Amelazwa tangu mwisho wa Machi. Barua yake ya mwisho aliniomba niipeleke posta mimi, kwa sababu kutembea hadi kona kulikuwa kumemshinda.

Njoo na ufunguo.

Mama Friji

---

Maabara, ghorofa ya chini
11 Aprili, saa tano asubuhi

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi chini yako. Muuguzi wa wodi amenikataza kuingia mpaka saa za kuona wagonjwa. Nimemwambia mimi ni mwanao, akasema hata wewe umesema huna mtoto wa kutokea ghafla. Bado unanitania, na hali uko hivyo!

Meza ina mguu mfupi! Fundi ameahidi! Kwa nini, Shangazi? Mficha maradhi kifo humuumbua, ulinifundisha mwenyewe nilipoficha jino bovu wiki mbili. Kumbe mtu wa pikipiki ulikuwa wewe tangu mwanzo. Ungesema neno moja ningesimamisha kila kitu. Nimekasirika, na nikifikiri nimkasirikie nani, naona ni mimi.

Sasa sikiliza. Nimefungua maelezo yako, nina ruhusa, niliyeyafungia ndani ni mimi. Uliyaandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kama ulijua. Wa kwanza kati ya wale watatu amefariki. Wa pili ana miaka sabini, haruhusiwi tena kutoa. Wa tatu alitoa damu mwezi uliopita, mfuko wake ulikuwa kwenye friji ya makao makuu, na nilipanda nao gari jana nikiwa nimelikumbatia boksi la barafu njia nzima. Kwa hiyo mfuko mmoja upo.

Mfuko wa pili haukuwepo. Mama Friji akanitazama, akasema, "Wewe si wa kaka yake?" Akanipima. Shangazi, damu yangu haigombani na yako. Ya kwangu!

Nikakaa kwenye kiti, mkono nimeunyoosha. Mama Friji akaingiza namba yangu ya kitambulisho. Unajua mfumo wangu ulisema nini? "Mtu huyu ni mfanyakazi. Aina ya mtu haibadilishwi." Kwa rangi nyekundu. Nyekundu ile niliichagua mwenyewe, tulibishana siku nzima ofisini kuhusu nyekundu ipi.

Nikamwambia aniandikishe kwa namba ya muda. Akavua miwani, akasema, "Kwa shangazi yako tulifanya hivyo, ukaona." Akatoa daftari la mazoezi kwenye droo, akaandika jina langu kwa kalamu ya wino, tarehe, saa, na akanichoma sindano. Nililia. Akadhani ni sindano.

Jambo jingine. Kwenye gari nilizitoa barua zako nizisome tena, na karatasi moja ikaanguka kifudifudi. Nikaona upande wa pili. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili wa programu yako, na pembeni kwa mwandiko wako wa ujana: "Usitenganishe waliotoa na waliopokea. Mtu ni mmoja. Kutoa na kupokea ni mambo aliyoyafanya, yaandike na tarehe yake." Uliniletea maelezo tangu Februari. Nami nilikuandikia kwamba sijayaona.

Kesho saa mbili wanakupasua. Nitakuwa hapa hapa kwenye benchi.

Kiroboto wako

---

Nyumbani
27 Aprili

Kiroboto,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo niko hai. Acha kumpigia Mama Friji kila asubuhi kumuuliza, ana kazi.

Siku tatu ulizokaa kando ya kitanda changu hukuacha kusema samahani, sikupata upenyo wa kusema langu. Sasa nasikia umeandika barua ya kuacha kazi, na kwamba umemwomba Meneja aurudishe mfumo wangu wa zamani kama ulivyokuwa. Nani kakutuma? Nimekatwa tumbo, nimeshonwa, na bado kichwa kinauma kwa sababu yako! Juzi ulikuwa unaabudu vitu, leo unataka kuniabudu mimi. Huwezi kukaa bila kuabudu?

Nisikilize, jambo hili sijamwambia mtu kwa miaka kumi na tisa.

Ulipohesabu arobaini na moja, nilikaa na barua yako mapajani mpaka redio ikajifunga. Wakati ule niliandika mstari wa kuchapa vibandiko vya mifuko. Nikaazima nafasi ya kundi la damu kuweka herufi ya kibandiko, kwa muda tu, nikasahau kuirudisha ilivyokuwa. Hakukuwa na mlango wa kunizuia. Asubuhi moja watu kumi na wanne wakabadilika kundi. Kumi na watatu Mama Friji aliwashtukia. Wa kumi na nne alikuwa fundi cherehani aliyekuja kupasuliwa ngiri. Kulikuwa na haraka, kipimo cha kulinganisha kikarukwa, wakaamini skrini. Wakamwekea damu isiyo yake. Hakurudi nyumbani.

Wachunguzi walikuja. Wakatafuta ni mstari gani uliogusa, wakakuta ungeweza kuwa wowote. Wakachoka, wakaandika, "Chanzo hakikujulikana." Mimi nilikijua jioni ile ile. Nilirekebisha, nikaandika ukweli wote pembeni ya ukurasa, kisha nikauchomoa kwenye jalada nikauficha. Wiki iliyofuata nilikwenda kunyoosha mkono, nitolewe damu kwa mara ya kwanza. Kila nilipokwenda walinisifu kwa moyo mwema, nami nikanywa juisi yao nikaondoka.

Kwa hiyo wewe ulikuwa sahihi, mwanangu. Nilikubishia kwa sababu ulikuwa sahihi mahali panaponiuma. Kundi la damu lifunge, tia kufuli na komeo, mlango ule mmoja uubakize. Programu yangu usiirudishe. Ila mtu usimfungie kwenye aina, na Mama Friji mpe ufunguo. Wenye kushabikia vitu na wenye kuvitukana waache wabishane semina zao, wewe kaa kando ya friji.

Karatasi hii ni ule ukurasa niliouficha, wa themanini na saba. Geuza, usome. Ukishamaliza, uniandikie kama bado unaniita shangazi.

Mimi

---

Makao Makuu
3 Mei

Shangazi,

Shangazi, nimegeuza. Nimesoma yote, na jina la fundi nimelinakili.

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Ukurasa nimempelekea Meneja mwenyewe, nikamwambia umeandikwa na nani na nani kanilea. Akauliza kama unaweza kuja kutusomea programu mpya tukishamaliza. Nimemwambia utakuja, ila asichore paka.

Tangu barua yako ifike nimekuwa naandika hadi asubuhi, nakala ya daftari la Mama Friji mbele yangu. Jana alijaribu namba yangu ya kitambulisho, na skrini ikamwandikia: "Mfanyakazi. Ametoa damu mara moja." Akajaribu yako: "Ametoa damu mara thelathini na moja. Amepokea mara mbili." Na maelezo yako yote chini, anayasoma bila kuomba ruhusa. Jumatatu nakuja kukaa naye miezi miwili.

Daktari amesema wewe usitoe tena. Basi ile yangu ya siku ile, nimemwomba Mama Friji aiandike kwenye daftari kuwa ni ya thelathini na mbili. Ameiandika.

Kiroboto